Sahani Hairudi Tupu

Bavyaa wangu aliamini kuna maradhi duniani siku alipoiona Al-Kaaba haina watu. Ilikuwa mwanzoni mwa Machi 2020. Saudia ilikuwa imesimamisha umra, na uwanja wa tawafu ukaondolewa watu upigwe dawa. Mzee alikuwa mbele ya televisheni na chai yake ya maziwa, na chai ikampoea mkononi. "Kumbe ni kweli," akasema. Kisha akavaa kofia, akatoka kwenda barazani kuwauliza wenzake kama nao wameona.

Tunaishi Mji wa Kale, Mombasa, kwenye kichochoro ambacho mtu mrefu akinyoosha mikono anagusa kuta za pande zote mbili. Chini wanakaa wazee, yaani mavyaa na bavyaa. Juu tupo mimi, mume wangu na watoto, na chumba cha darini ni cha shemeji yangu, kitindamimba, aliyerudi nyumbani vyuo vilipofungwa. Wifi yangu mkubwa ameolewa Maskati, lakini usidhani hayumo nyumbani. Yumo ndani ya simu ya mavyaa, na sauti yake huamka kabla ya jogoo.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 13. Jumatatu iliyofuata shule zikafungwa, nami nikarudi nyumbani na boksi la chaki na madaftari ya darasa la tano ambayo hayajasahihishwa. Machi 27 ikaanza amri ya kutotoka nje, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akawa mgeni wetu wa kila siku kwenye televisheni. Alituonya kwamba tukiendelea kuishi kikawaida, maradhi haya hayatatutendea kikawaida. Mavyaa alimpenda sana. Alisema ana sauti ya mtu aliyelelewa. Alimsikiliza tangu salamu mpaka kuaga, akamwombea dua, kisha akavuta buibui lake akaenda kumwamkua jirani aliyekuwa ametoka Dubai majuzi.

Nilijaribu kumzuia mlangoni. "Mama, si umemsikia waziri?"

"Nimemsikia. Lakini waziri hanijui, na yule wa Dubai nisipokwenda atasema nimenuna."

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mashauri ya nyumba yetu mwaka ule. Ukitaka kujua mtu atafanya nini, usimuulize amesikia nini kwenye taarifa ya habari. Muulize ni nani atamnunia.

Nianze na barazani. Bavyaa na wenzake watatu wamekunywa kahawa chungu kwenye baraza moja tangu mimi sijaolewa. Muuza kahawa hupita na dele lake na vile vikombe vidogo visivyo na mkono, akivigonganisha. Vikombe vyenyewe husuuzwa ndani ya kindoo kimoja, na maji yale hata ukiyatazama kwa imani njema hayakupi moyo. Mume wangu alimkanya baba yake. Mimi nilimweleza habari ya matone na mate, na watoto wakamchorea kirusi chenye miiba na macho mawili makubwa. Mzee alisifu mchoro, akasema yeye anatawadha mara tano kwa siku na hakuna kirusi cha kustahimili hilo, kisha akaenda barazani.

Siku moja mmoja wa wale wazee, karani mstaafu wa forodha, alifika na kikombe chake mwenyewe. Alikitoa mfukoni kikiwa kimefungwa kwa leso, akakikunjua taratibu, akamnyooshea muuza kahawa. Hakutaja corona wala hakumkosoa mtu. Alikunywa, akakifuta kikombe, akakirudisha mfukoni, mazungumzo yakaendelea. Kesho yake bavyaa aliniuliza kwa sauti ya chini kama tuna kikombe kidogo kisicho na ufa.

Wiki ile haikuisha, wote wanne wakawa na vikombe vyao. Mgogoro ukazuka kwa wa nne, aliyekuja na kikombe kikubwa cha chai chenye maua na kutaka kijazwe kwa bei ile ile. Muuza kahawa akagoma. Ikabidi karani wa forodha aamue: kahawa ipimwe kwanza kwa kikombe kidogo cha biashara, kisha imiminwe kwenye kile cha maua. Mtaa mzima uliizungumza hukumu ile kuliko habari yoyote ya kutoka Nairobi.

Barakoa nayo ilikuja kwa mlango wake. Mwezi Aprili ikawa lazima hadharani, na anayekamatwa bila barakoa alitishiwa faini ya mpaka shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Mavyaa hakutishika. "Mimi uso wangu nimeufunika tangu nilipovunja ungo," alisema. "Huyo Kagwe amechelewa." Na kweli, akishusha nikabu yake hapana polisi aliyethubutu kumuuliza kitu.

Lakini mbele yetu, dirisha kwa dirisha, anakaa mwanamke mmoja ambaye ni shoga yake na mshindani wake kwa zaidi ya miaka arubaini. Waliozeshwa mwaka mmoja. Wamekopana sukari na kutiliana chumvi maneno muda wote huo. Huyu shoga ni fundi wa nguo. Asubuhi moja akatokea dirishani amevaa dera jipya, na barakoa ya kitambaa kile kile cha dera, yenye utepe wa fedha pembeni. Mavyaa alimtazama. Akarudi ndani. Nikamsikia akivuta sanduku la madera chini ya kitanda.

Jioni nilitumwa kwa fundi na vipande vya vitambaa vya barakoa sita, kila moja na dera lake. Barakoa ikaingia nyumbani kwa njia ya mtindo, na mpaka leo sioni ubaya wake. Kirusi hakiulizi kitambaa kimeshonwa kwa nia gani.

Wifi wa Maskati alikuwa na nguvu yake peke yake. Kule Oman walianza kuizunguka Matrah kwa vizuizi mwanzoni mwa Aprili, na Aprili 10 mkoa mzima wa Maskati ukafungwa. Wifi akawa mfungwa mwenye simu. Alituma sauti alfajiri, adhuhuri na usiku: habasoda na asali, tangawizi na ndimu, msitoke, mkitoka msiguse, maji ya moto, msiende mazikoni. Mavyaa alizipokea zote kwa imani sawa, ya daktari na ya uvumi, maadamu zimetoka kwa binti yake. Ndimu za mtaa ziliadimika kwa ajili ya watu kama yeye. Hata hivyo, sauti moja haikuwa na dawa ndani yake. Wifi alikuwa akilia. Alisema atafuturu Ramadhani nzima na mumewe tu, wawili, na meza ya watu kumi. Mavyaa aliisikiliza sauti ile mara nyingi. Baada ya hapo alipofiwa jamaa yetu upande wa Majengo, alituma mkono wa pole kwa simu na hakwenda kuhani, jambo ambalo miezi miwili nyuma lingevunja udugu.

Tukaingia Ramadhani bila msikiti. Tarawehe zikasaliwa sebuleni, bavyaa imamu, wajukuu safu ya nyuma wakisukumana. Halafu Jumatano, Mei 6, ikatangazwa kwamba Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, hauingiwi wala hautokwi. Siku kumi na tano kwanza, na zilipoisha ikaongezwa mpaka mwanzoni mwa Juni. Masoko na mikahawa ikafungwa. Polisi wakasimama kwenye njia za kutokea. Mume wangu, anayeendesha kreni bandarini, akakwama ndani. Mwanamume aliyezoea kuinua makontena sasa akabaki na mama yake.

Siku ya pili alitoa sheria. Alisimama katikati ya ukumbi, akakohoa kidogo, akajuta kukohoa, akasema, "Kuanzia leo hakuna sahani inayotoka nyumba hii, na hakuna inayoingia."

Nilimtazama mavyaa. Hakusema kitu. Hiyo ilikuwa ishara mbaya.

Asiyekaa Uswahilini huenda asielewe uzito wa tangazo lile. Kwetu, kabla ya magharibi ya kila siku ya Ramadhani, watoto hupita vichochoroni na sahani zilizofunikwa kawa: sambusa kwa huyu, kaimati kwa yule, mkate wa sinia kwa bibi asiye na mtu. Na sahani hairudi tupu. Ikienda na katlesi itarudi na tambi, kama si leo basi kesho. Mavyaa alikuwa akipeleka nyumba saba, na kichwani alikuwa na hesabu ya nani amepokea nini tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Sheria ya mume wangu ilimfungia katikati ya deni. Aliniambia jikoni, akiwa amenipa mgongo, "Mumeo anataka nife na sahani ya watu ndani."

Siku ya tatu nilisikia kelele juu chumbani kwangu. Mavyaa, ambaye magoti yake yalikuwa hayapandi ngazi tangu mwaka uliopita, alikuwa dirishani kwangu na kamba ya nguo, kapi na kikapu cha ukindu. Dirisha letu liko juu kidogo kuliko la shoga yake. Alikuwa amekwisha kumtupia upande wa pili wa kamba, na shoga alikuwa ameufunga kwenye nondo za dirisha lake. Mume wangu aliingia, akatazama kapi na kamba. Nafikiri mtu wa kreni ndani yake ndiye aliyemshinda. "Kamba imelegea, Mama," akasema, akaikaza.

Safari ya kwanza ilibeba sambusa na ikafika salama. Watu walipiga makofi madirishani. Safari ya pili mavyaa alipatwa na tamaa, akatia bakuli la shurba, la moto, limejaa. Kikapu kilikuwa katikati ya kichochoro pale adhana ya magharibi ilipoanza. Mfungaji ni mfungaji. Mavyaa aliachia kamba ili achukue tende.

Chini walikuwa wanapita askari wawili wa doria. Shurba ilimfikia mmoja kuanzia begani mpaka kiatuni, na bakuli likavunjika mbele ya miguu yake. Kichochoro kizima kilinyamaza isipokuwa muadhini. Mume wangu alirudi nyuma ya pazia. Askari, kijana wa bara, akatazama juu, akanusa mkono wake.

"Mama, hii ni nini?"

"Shurba, mwanangu," mavyaa akajibu akitafuna tende. "Ilikuwa ya jirani. Lakini ikishakumwagikia, basi ni riziki yako. Umekula?"

Mwenzake alicheka mpaka akaegemea ukuta. Yule aliyeloa akajaribu kukunja uso, akashindwa, akamwambia mavyaa avae barakoa anapozungumza na watu. Mavyaa akamshushia sambusa nne na kitambaa cha kujifutia. Kesho yake kabla ya magharibi askari alirudisha sahani, ikiwa na maembe mawili juu yake. Sijui nani alimfundisha. Tangu siku ile kikapu kikawa na kituo cha tatu, na mume wangu hakuitaja tena sheria yake, kwa sababu sasa serikali yenyewe ilikuwa ikifuturu kwetu.

Lililofuata ndilo lililonishangaza mimi mwalimu. Jirani wa kulia alifunga kamba yake. Kisha wa kona. Ramadhani ilipofika kumi la mwisho, ukitazama juu ulikuta kamba nne au tano zimekatiza anga ya kichochoro, vikapu vinakwenda na kurudi, na watoto wamepigwa marufuku kutoka. Wizara ilikuwa imesema watu wakae mbali mita moja na zaidi. Haikusema sahani ipite wapi. Mtaa ukapata jawabu lake kwa bibi mmoja aliyekuwa akikimbia deni, na waliomfuata hawakufuata afya. Walikuwa wakiogopa kuwa nyumba pekee isiyo na kikapu.

Baadaye, shule zikiwa bado zimefungwa na mimi nikisoma kila kilichonifikia, nilikuta kwamba wataalamu nao wameliona jambo hili, ingawa wao hawakumwagiwa shurba. Bahar Tunçgenç wa Chuo Kikuu cha Nottingham na wenzake waliwauliza watu zaidi ya 6,600 katika nchi zaidi ya 100, mwanzoni mwa janga, kama wanashika masharti ya kukaa mbalimbali. Utafiti wao ulitoka mwaka 2021. Walichokuta ni kwamba mtu alishika masharti kwa kadiri alivyoona watu wake wa karibu wakiyashika, na hilo lilitabiri mwenendo wake kuliko hata imani yake mwenyewe kwamba masharti yale ni mazuri. Kabla yao, Nicholas Christakis na James Fowler, Wamarekani, walichambua kumbukumbu za watu wapatao 12,000 wa Framingham, Massachusetts, za miaka zaidi ya thelathini. Mume au mke akiacha sigara, walisema mwaka 2008, uwezekano wa mwenzake kuendelea kuvuta hushuka kwa asilimia 67. Ndugu wa kuzaliwa akiacha, hushuka kwa asilimia 25 tu. Nilimsomea mume wangu hesabu hiyo. Akauliza kama wamepima na mama wakwe.

Hata hivyo kamba ile ile inayovuta sambusa huvuta na woga. Wapimaji walipokuja Mji wa Kale mwezi Mei, waliojitokeza walikuwa wachache. Watu walisema ni ujinga. Si ujinga. Mwanzoni, aliyepelekwa karantini alidaiwa gharama za kukaa huko, na hata hilo lilipoondolewa, hadithi zake zilibaki. Isitoshe, gari likija kichochoroni na watu waliovaa meupe, majirani wote wanahesabu nyumba gani imefunguliwa mlango. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kila mtu alikuwa na kikohozi cha vumbi.

Zamu yetu ilifika Julai, mji umekwisha kufunguliwa. Mavyaa hufukiza udi kila Alhamisi jioni, na moshi wake hushika mpaka kwenye mito. Shemeji alishuka kutoka darini, akasimama katikati ya wingu lile, akauliza, "Leo hamfukizi?"

Mavyaa aliweka chetezo chini polepole. Akafunga dirisha la upande wa shoga yake. Akaongeza sauti ya redio ya kisomo, ili kikohozi kisitoke nje. Kisha akaniamuru nichemshe majani: mwarobaini, mchaichai na mkaratusi, sufuria kubwa, na nilete blanketi zito, lile wifi alilolituma kutoka Maskati.

Nilisema apigiwe simu daktari. Mavyaa alisema daktari ana mdomo. Shemeji akaketishwa juu ya mkeka, sufuria mbele, blanketi juu. Bavyaa alimwonea huruma mwanawe kuwa peke yake gizani, akaingia naye. Mwanangu mdogo akadhani ni mchezo, akapenya kutoka nyuma. Ndipo nilipofunua blanketi nikakuta vizazi vitatu vimebanana mbele ya mvuke, vinavuta pumzi moja na kuirudisha, dawa ya kuzuia maambukizi ikifanya kazi kinyume chake. Nilipiga ukelele. Mtoto akaruka, mguu ukagonga sufuria. Maji yalimwagika kwenye mkeka na blanketi, bavyaa akababuka kidogo kifundoni, na katika zogo hilo simu ya mavyaa, iliyokuwa imesimamishwa ukutani, ikawa imeita na kujibiwa. Wifi alikuwa akitutazama kwa video.

"Lile si blanketi langu?" akauliza.

Siku mbili redio ya kisomo haikuzimwa. Kikapu hakikwenda. Majirani, ambao hawakuambiwa kitu, walijua kila kitu. Siku ya tatu shoga wa mbele aligonga dirisha kwa fimbo ya pazia mpaka likafunguliwa. Alikuwa amevaa barakoa. Akasema, bila salamu, "Wangu hasikii harufu wiki nzima. Tumepiga simu, wamekuja, wamempima. Sasa yuko chumbani kwake, hawajamchukua. Wasema siku hizi asiye mahututi anauguzwa nyumbani."

Mavyaa akakaa kimya. "Gari lilikuja lini?"

"Juzi alfajiri. Nilizima taa ili usione."

"Nilisikia mlango. Nikajua ni mkojo wa mumeo."

Wakacheka wote wawili, na mavyaa akanigeukia: mbona nasimama tu, simu iko wapi? Majibu ya shemeji yalikuja baada ya homa kuondoka, na yakasema anayo. Alifungiwa darini. Chakula tulikiacha ngazini, lakini cha kwetu hakikuwa na haja, kwa sababu kamba zote za kichochoro zilielekezwa kwenye dirisha lake. Alitoka huko kanenepa.

Mwezi huo huo misikiti ikaruhusiwa tena kwa masharti: watu wasiozidi mia moja, saa moja tu, na walio juu ya miaka 58 au chini ya 13 wasiingie. Wazee wa barazani walikaa kikao. Mmoja akadai alizaliwa kabla ya vyeti kwa hiyo hana umri unaojulikana, na alikuwa tayari kuapa ana 57. Karani wa forodha akasema yeye ameandika tarehe za watu maisha yake yote na hatadanganya yake. Basi hakuna aliyekwenda.

Chanjo zilitua Nairobi Machi 3, 2021, dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca, na walimu tukawekwa miongoni mwa wa kwanza. Nilichanjwa. Nilirudi na mkono unaouma, nikajilaza ukumbini kwa makusudi ili niulizwe. Mavyaa alinipa kitunguu nimenye. Mkaza mwana, hata akiwa na shahada, si mtu wa kuigwa. Simu yake ilikuwa imejaa sauti: chanjo inagandisha damu, inafunga uzazi (mwenyewe alikuwa na miaka sabini), inawekewa alama. Wifi alisema asubiri. Mwisho wa mwezi, walio na miaka 58 na zaidi wakafunguliwa mlango, na mavyaa akatangaza kwamba yeye bado anasoma hali.

Asubuhi moja ya Aprili alikuwa dirishani akisubiri kikapu cha mahamri. Kilikuja kwa kusitasita. Shoga yake alikuwa akivuta kamba kwa mkono mmoja, na mkono wenyewe ni wa kulia tu.

"Mkono wa kushoto una nini?"

"Hauna kitu."

"Uinue."

Shoga akajaribu, akaishia usawa wa kifua. Mavyaa alimtazama muda mrefu. "Umekwenda bila kuniambia," akasema. "Arubaini na tatu, na umekwenda bila kuniambia." Akafunga dirisha, mahamri yakabaki yananing'inia hewani, na mimi ndiye niliyeyavuta.

Kesho yake alfajiri alivaa dera la kijani na barakoa yake, akashika fimbo, akaanza kugonga milango ya kichochoro mmoja baada ya mwingine. Hakueleza faida ya chanjo. Alisema tu, "Mimi nakwenda. Wewe je?" Kufika hospitali nyuma yake wapo wanawake saba, na mimi wa nane na kitambulisho cha kila mmoja.

Muuguzi alikuwa binti mpole. Alimkunjia mavyaa mkono wa dera juu, akamuuliza kama ana sukari, kama ana presha, halafu akauliza kwa kutaka mazungumzo tu, "Nani amekushauri uje, bibi?"

"Hapana aliyenishauri," mavyaa akasema. "Nimetumia akili yangu mwenyewe."

Muuguzi akamaliza, akamwita aliyefuata, naye akamuuliza vile vile.

"Mimi?" yule mama akasema, akimwonyesha mavyaa kwa kidevu. "Mimi nimekuja na huyu."